Mahindi ya Wiski: Kazi Inayoamuliwa Goma Kabla ya Moto Kuwashwa

Wiski ya uji mchachu ni pombe kali ya nafaka ambayo kila mpiko mpya huanzishwa kwa kuchanganywa na sehemu ya maji machachu yaliyobaki chunguni baada ya mpiko uliotangulia kukenekwa. Mahindi ndiyo nafaka yake kuu. Huchemshwa yakawa uji, uji hulainishwa kwa kimea mpaka wanga ugeuke sukari, sukari huliwa na hamira ikawa pombe nyepesi, na pombe hiyo hugeuzwa mvuke ili kilevi kitengane na maji. Uchachu wa mabaki ya jana huwazuia bakteria waharibifu, huvipa kimea na hamira mazingira vinavyoyapenda, na huufanya mpiko wa leo ulingane kwa ladha na ule wa wiki iliyopita.

Kentucky ndiyo hutajwa kwanza wiski hii inapozungumzwa, na ni haki yake. Maelezo ya mpiko mchachu yaliandikwa huko na Catherine Carpenter mwaka 1818. Miongo michache baadaye James Crow, daktari na mkemia mzaliwa wa Scotland aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha familia ya Pepper, aliingiza vipimo vya joto na uchachu katika kazi iliyokuwa ikifanywa kwa kukisia. Crow, aliyefariki mwaka 1856, hakubuni mtindo huo; alichofanya ni kuupima, na kupima ndiko kulikomjengea jina. Leo sheria ya Marekani inataka bourbon, wiski maarufu ya Kentucky, iwe na mahindi yasiyopungua asilimia 51 na ihifadhiwe katika mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa ndani. Kuna aina nyingine, wiski ya mahindi, inayodai mahindi yasiyopungua asilimia 80 na ambayo hailazimishwi kuzeeshwa hata siku moja. Kwa mji kama Goma, mashariki mwa Kongo, ambako mwaloni haupatikani, hiyo ya pili ndiyo iliyo karibu zaidi na kinachowezekana.

Kivu Kaskazini, mkoa wa Goma, haikungoja Kentucky ili ijue kukeneka. Pombe kali ya kienyeji ya huku ni kanyanga; Kinshasa na kandokando ya Mto Kongo ni lotoko, na Katanga ni lutuku. Kanyanga hutoka kwenye ndizi, mihogo, sukari au mahindi, kutegemea kilicho rahisi wiki hiyo, ilhali lotoko kwa kawaida ni mahindi yaliyooteshwa yakachanganywa na mihogo. Ufundi wa kuotesha, kupika na kuchachusha basi upo tangu zamani. Hata kuchachua unga kwa makusudi si jambo geni katika eneo hili. Magharibi mwa Kenya pombe ya busaa huanza na unga wa mahindi uliotiwa maji kidogo ukafunikwa siku mbili tatu mpaka uwe mchachu, kisha hukaangwa juu ya bati hadi ugeuke rangi, ndipo unatiwa maji na kimea cha wimbi, yaani ulezi. Uchachu wa busaa hutoka kwenye unga wenyewe. Wa Kentucky hutoka kwenye mabaki ya chungu. Kazi inayofanywa na uchachu huo ni ileile.

Historia ndiyo iliyoifanya kazi hii iwe ya kificho. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, uliokuwa hasa wa kupiga vita biashara ya watumwa, uliweka pia vizuizi vya pombe kali katika ukanda mpana wa Afrika kuanzia latitudo 20 kaskazini hadi 22 kusini, na Kongo nzima ilikuwa humo. Mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919 ukakaza kamba. Chini ya Wabelgiji bia ya kiwandani iliruhusiwa na kukuzwa, huku chupa ya pombe kali ikiwa ya Mzungu. Matokeo yake ni kwamba ufundi wa kukeneka ulibaki vichakani na nyuma ya nyumba, bila vipimo, bila mafunzo, na bila mtu wa kumwambia mpikaji kwamba gunia alilonunua lina ubaya. Hapo ndipo pa kuanzia, kwa sababu makosa mengi ya pombe ya mahindi hufanyika sokoni kabla hayajafika jikoni.

Goma yenyewe hailimi mahindi ya kutosha kujilisha. Mji umekaa juu ya miamba ya lava, katika mwinuko wa mita zipatazo 1,500, na udongo wake katika sehemu nyingi ni mwembamba mno. Mahindi yake huletwa kutoka Rutshuru na Kiwanja, katika bonde lenye rutuba kaskazini mwa volkano ya Nyiragongo, na kutoka milima ya Masisi upande wa magharibi. Mengine huvuka Ziwa Kivu kwa boti kutoka pwani ya Minova na Kalehe, yakashushwa katika soko la Kituku, kisha hupanda mjini mgongoni mwa watu au juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma. Njia hizi hubadilika kufuatana na vita. Mapigano yalipoikata barabara ya Sake mwanzoni mwa mwaka 2024, ziwa likabeba mzigo uliokuwa wa malori, na tangu kundi la waasi la M23 liuteke mji wenyewe mwishoni mwa Januari 2025, ushuru na vizuizi vimekuwa sehemu ya bei ya kila gunia. Mnunuzi makini huuliza mahindi yametoka wapi na yamepita njia gani. Gunia lililokaa siku kadhaa kwenye boti wazi au chini ya turubai linalovuja si sawa na lililotoka ghalani moja kwa moja, hata kama punje za juu zinang'aa.

Wakati wa kununua una uzito kuliko mahali. Kivu Kaskazini ina misimu miwili. Mahindi ya msimu wa kwanza hupandwa Septemba na kuvunwa karibu na Januari na Februari. Ya msimu wa pili hupandwa Februari au Machi na kuvunwa Juni na Julai. Mavuno ya kwanza huangukia kipindi kifupi cha jua ambacho hakitabiriki, na mara nyingi mvua hurudi kabla magunzi hayajakauka. Mavuno ya pili huangukia kiangazi halisi. Kwa mlaji wa bugali tofauti ni ndogo, maana unga huisha haraka. Kwa mpikaji wa wiski, anayehitaji nafaka iliyokauka barabara na itakayodumu miezi, gunia la Julai au Agosti ni bora karibu kila mwaka. Ya Masisi, yanayokomaa polepole kwa sababu ya baridi ya milimani, yapaswa kuangaliwa mara mbili.

Nafaka iliyo salama kuhifadhiwa ina unyevu usiozidi asilimia 13 au 14. Soko la Goma halina mashine ya kupima unyevu mikononi mwa kila muuzaji, lakini chupa kavu na chumvi kavu vinatosha. Mnunuzi hutia punje chupani hadi theluthi moja, huongeza kijiko cha chumvi, hufunga na kutikisa kwa dakika chache, kisha huacha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15 na gunia hilo halifai kuwekwa. Jino nalo ni kipimo cha zamani: punje kavu hukatika kwa mlio, mbichi hubonyea. Chumvi haikosei sana. Jino la mtu mwenye haraka hukosea.

Kuhusu aina ya mahindi, Wamarekani hutumia ya manjano yenye kishimo juu ya punje, kwa sababu kiini chake laini husagika kwa urahisi na wanga wake hufunguka upesi. Goma hupenda mahindi meupe, na hilo si kikwazo. Rangi haina uhusiano na kiasi cha kilevi; punje nyeupe na ya manjano zote zina wanga wa karibu asilimia 70 ya uzito wake mkavu. Kilicho muhimu ni ugumu. Punje zenye gamba la kioo, duara na ngumu kama zile za bisi, zinahitaji kusagwa laini zaidi na kupikwa muda mrefu zaidi, na mkaa wa Goma si wa kuchezea. Punje bapa yenye kishimo na unga mweupe ndani ndiyo ya kuchagua.

Kuna aina moja ya mahindi isiyopaswa kuingia kwenye chungu chochote: mbegu. Katika mkoa ambao mashirika ya misaada na wauzaji wa pembejeo husambaza mbegu kila msimu, hutokea zikaishia sokoni, hasa pale familia zilizokimbia vita zinapokosa shamba la kuzipandia. Mbegu za viwandani hupakwa dawa ya kuua ukungu na wadudu, na kampuni huzitia rangi nyekundu, waridi, kijani au buluu ili mtu azitambue. Kuziosha hakuziondolei sumu. Kuzichanganya na mahindi mengine kunaitawanya tu. Punje moja yenye rangi isiyo ya kawaida ndani ya gunia ni sababu tosha ya kuliacha gunia zima, na muuzaji anayesema kwamba ni vumbi la gari aachwe pamoja na mzigo wake. Vivyo hivyo kwa nafaka iliyofukizwa vidonge vya fosfini ghalani: inahitaji kuachwa ipate hewa kwa siku kadhaa kabla ya kuguswa, na mabaki ya vidonge, majivu ya kijivujivu, hayapaswi kuonekana kati ya punje.

Hatari ya pili haina rangi ya kuonya. Ukungu wa Aspergillus flavus huota kwenye mahindi yaliyovunwa mabichi au kuliwa na fukusi, na hutoa sumukuvu, yaani aflatoksini, inayoharibu ini. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi ya nyumbani yaliyohifadhiwa na unyevu. Kuchemsha hakuiharibu kwa kiwango cha kutegemewa. Wapikaji wengine hujifariji kwamba sumu hiyo haipandi na mvuke, na kwa hiyo pombe iliyokenekwa haina tatizo. Nusu ya maneno hayo ni kweli: aflatoksini ni nzito na hubaki nyuma. Lakini mahali inapobaki ndipo penye shida. Hubaki katika pombe nyepesi ambayo huonjwa na kunywewa kabla haijakenekwa, hubaki katika machicha yanayolishwa nguruwe na kuku, na katika mtindo wa uji mchachu hubaki katika maji yale yale yanayorudishwa kwenye mpiko unaofuata. Gunia moja baya huacha deni linalohamishwa kutoka chungu hadi chungu. Hakuna namna nyingine ya kutengeneza pombe ya mahindi ambayo uchaguzi wa punje una uzito kama hii.

Kwa hiyo kuchambua hakukwepeki. Mahindi humwagwa juu ya ungo au turubai safi, mahali penye mwanga, na mikono huondoa mawe, vipande vya magunzi, punje zilizotobolewa na fukusi, zilizopasuka, zenye madoa ya kijani au nyeusi, na zilizosinyaa. Punje iliyotobolewa huondolewa hata kama inaonekana safi, kwa sababu tundu la mdudu ndilo mlango wa ukungu. Kisha hupepetwa, na zinazoelea juu ya maji wakati wa kuosha hutupwa. Gunia likipoteza sehemu ya kumi ya uzito wake katika kazi hii, hiyo ni hasara ya kawaida. Likipoteza robo, kosa lilikuwa la ununuzi.

Mahindi yaliyochambuliwa hugawanywa mafungu mawili. Fungu kubwa husagwa na kupikwa. Fungu dogo, kama sehemu moja kwa tano hivi, huoteshwa liwe kimea, kwa kuwa wanga wa mahindi hauwezi kuliwa na hamira mpaka ukatwe vipande vidogo vya sukari, na mkasi wa kazi hiyo ni vimeng'enya ambavyo mbegu huvitengeneza inapoanza kuota. Punje hulowekwa kwa saa 24 hadi 36, maji yakibadilishwa mara kadhaa ili yasioze. Halafu hutandazwa kwa unene wa vidole viwili juu ya majani ya migomba au gunia safi, hufunikwa, hunyunyiziwa maji na kugeuzwa asubuhi na jioni. Katika joto la Goma, ambalo mchana huzunguka nyuzi 20 na kitu na usiku hushuka kuelekea 15, kazi huchukua siku nne hadi sita. Mche ukifikia urefu wa punje yenyewe, umetosha. Ukiachwa urefuke, huila sukari iliyokusudiwa kwa pombe. Kimea huanikwa juani mpaka kikauke, husuguliwa ili mizizi na miche itoke, kisha husagwa.

Kimea cha mahindi peke yake ni dhaifu ukilinganisha na cha shayiri. Kinavunja wanga vizuri kiasi, lakini kina upungufu wa kile kimeng'enya kinachomalizia kazi ya kuufanya uwe sukari tamu. Afrika Mashariki ina dawa yake: ulezi na mtama. Kimea cha ulezi ni kizuri na hakina hila. Cha mtama kina nguvu pia, ila miche ya mtama ina kemikali ya dhurini inayotoa sianidi, na ndiyo sababu mafundi wa zamani walisugua miche na mizizi mpaka itoke yote kabla ya kusaga. Kule Katanga na Zambia wapishi wa kinywaji cha munkoyo walipata njia tofauti kabisa: hutwanga mizizi ya mimea ya porini ya jamii ya kunde na kuitia kwenye uji wa mahindi, na mizizi hiyo huuyeyusha uji mzito ndani ya saa chache. Ni ufumbuzi mzuri kuliko vingi vilivyomo kwenye vitabu, na unastahili utafiti zaidi ya ule ambao umeupata. Kwa Goma, mchanganyiko wa kimea cha mahindi na cha ulezi ndio rahisi kuupata na kuurudia.

Mahindi ya kupikwa husagwa yawe chenga ndogo, si unga laini kabisa. Unga laini hupikika upesi lakini huganda kwa mabonge, huungua chini ya chungu na kuacha matope mazito yasiyochujika. Chenga kubwa huficha wanga katikati. Saizi ya chenga za mchele uliopondwa ndiyo ya kulenga. Kusaga kufanyike siku ileile au siku moja kabla. Punje ya mahindi ina mafuta ya asilimia nne hadi tano, karibu yote katika kiini cha kuotea, na mafuta hayo yakishasagwa huanza kuchacha kwa namna mbaya ndani ya wiki. Unga wa dukani uliokobolewa hauna tatizo hilo, lakini pia umeondolewa sehemu ya ladha, na bei yake ni ya mlaji wa bugali. Mashine ya kusagia nayo itazamwe: ikiwa imetoka kusaga mihogo mikavu isiyochambuliwa, kilo za kwanza za mahindi hubeba vumbi lake.

Maji ya Goma yanahitaji aya yake. Kentucky hujivunia maji yaliyochujwa na mawe ya chokaa, yenye kalsiamu na yasiyo na chuma. Goma haina mito ndani ya mji. Lava hunyonya mvua yote. Kinachobaki ni maji ya Ziwa Kivu, yanayosukumwa na pampu au kuchotwa kwa vidumu ufukweni, na maji ya mvua yanayokingwa kwenye paa. Maji ya juu ya ziwa yana magadi mengi: kipimo chake cha pH hukaribia 9, wakati vimeng'enya vya kimea hupenda uji wa kati ya 5 na 5.5. Uji uliopikwa kwa maji hayo bila marekebisho hulainika kwa shida na huwakaribisha bakteria. Basi mtindo wa uji mchachu, unaochukuliwa mahali pengine kama mapokeo tu, hapa ni dawa ya maji. Maji ya machicha, yaani yale mabaki ya mpiko uliotangulia, yana pH ya karibu 4, na yakitiwa kwa kiasi cha robo ya maji yote huyashusha magadi ya ziwa hadi mahali panapotakiwa. Karatasi za kupimia pH ni za bei nafuu na zinamaliza ubishi. Maji ya mvua hayana magadi, lakini chini ya Nyiragongo hubeba majivu na floridi kutoka kwenye moshi wa volkano, hasa ya manyunyu ya kwanza. Maji yaliyotiwa klorini kwa ajili ya kuzuia kipindupindu yaachwe wazi usiku kucha au yachemshwe, kwa kuwa klorini huidhoofisha hamira.

Kwa mpiko wa kwanza kabisa hakuna machicha ya kuazima. Crow angeuita mpiko mtamu. Njia ya hapa ni kutumia togwa: sehemu ndogo ya uji uliotiwa kimea huachwa mahali pa joto siku moja au mbili mpaka bakteria wa maziwa mgando waufanye uwe mchachu safi, kisha hutiwa kwenye chungu kikuu na kuchemshwa pamoja nacho. Ndimu nayo husaidia, ingawa ladha yake hubaki.

Kupika chenga ni kazi ya uvumilivu na kuni. Wanga wa mahindi huanza kufunguka kati ya nyuzi 62 na 72, lakini kwa chenga zisizo laini joto hilo halitoshi, na uji huchemshwa kabisa kwa muda wa saa moja au zaidi, huku ukikorogwa. Katika mwinuko wa Goma maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo dakika 15 au 20 za ziada ni za lazima. Kuloweka chenga usiku kucha hupunguza muda huo sana, na mkaa unaookolewa si jambo dogo katika mji ambao sehemu kubwa ya mkaa wake imetoka katika misitu ya Hifadhi ya Virunga. Kipimo cha kawaida ni kilo moja ya chenga kwa lita nne za maji, robo ya maji hayo ikiwa ya machicha.

Uji ukiiva, kosa linalojirudia ni kutia kimea ungali unachemka. Vimeng'enya hufa. Uji huachwa upoe hadi nyuzi 65 hivi, ndipo kimea kilichosagwa kinatiwa kidogo kidogo na kukorogwa. Ndani ya nusu saa uji mzito hugeuka majimaji na kuwa mtamu. Hufunikwa kwa blanketi na kuachwa saa moja na nusu. Tone la iodini ya dukani, lile la kupaka vidonda, huonyesha ukweli: likigeuka buluu nyeusi juu ya tone la uji, wanga bado upo, likibaki na rangi yake ya kahawia, kazi imekwisha. Uji ukishapoa chini ya nyuzi 30, hamira hutiwa, chombo hufunikwa bila kuzibwa, na kwa usiku wa Goma hukingwa na baridi. Siku tatu hadi tano baadaye povu hukoma na utamu huwa umetoweka.

Kuhusu kukeneka kwenyewe maneno machache yanatosha, kwa kuwa mahindi yakishaandaliwa vizuri ubaya mwingi huwa umezuiwa. Nafaka ina pektini kidogo, hivyo pombe yake haina methanoli nyingi kama ile ya matunda. Vifo vya umati vilivyotikisa Afrika Mashariki, kama vile vya Mukuru kwa Njenga jijini Nairobi mwaka 2000 na vya Kabale nchini Uganda mwaka 2010, vilihusishwa na pombe yenye methanoli, na kiasi cha namna hiyo hakitoki kwenye uji wa nafaka: huongezwa na mtu ili pombe ionekane kali. Hatari inayobaki kwa mpikaji mwaminifu ni vyombo: mapipa yaliyobeba kemikali, mirija iliyounganishwa kwa risasi, na moto wazi karibu na mvuke unaowaka.

Mavuno yana mipaka ambayo haipingiki. Kiwanda cha kisasa, chenye vimeng'enya vya kununua na mashine za kupima kila kitu, hupata lita zipatazo 40 za kilevi halisi kutoka kilo 100 za mahindi. Jikoni hupata chini ya hapo sana. Upande wa pili wa hesabu hiyo, kilo 100 za nafaka, kwa gramu 400 kwa siku, humlisha mtu mmoja siku 250. Katika mkoa wenye mamilioni ya watu waliokosa chakula, gunia linalopikwa pombe lina bei isiyoandikwa popote, na ni sahihi kwamba wiski ya namna hii ibaki kuwa ya kiasi kidogo, inayotengenezwa msimu wa mavuno makubwa, si biashara ya kunyang'anyana mahindi na sufuria ya bugali.

Baada ya kukeneka, machicha huchujwa. Maji yake huwekwa kwenye chombo safi chenye mfuniko na hutumika ndani ya siku chache, kabla hayajaota ukungu. Hayaongezwi zaidi ya theluthi ya mpiko mpya; yakizidi, uchachu huilemea hamira na pombe hukwama njiani. Machicha mazito yana sehemu kubwa ya protini ya mahindi na ni chakula kizuri cha nguruwe, mradi yamepoa na yametoka kwenye punje zilizochambuliwa.

Sheria hutofautiana kutoka nchi hadi nchi, na kwa Goma tofauti hiyo iko hatua chache tu za mguu. Tanzania ilipiga marufuku ukenekaji bila leseni kwa sheria ya mwaka 1966, na gongo, pombe kali ya kienyeji, ikaacha nafasi kwa Konyagi ya kiwandani. Uganda ilipitisha Sheria ya Enguli mwaka 1965 ikiwataka wakenekaji wa kienyeji wauzie kiwanda. Kenya iliihalalisha pombe kali ya chang'aa mwaka 2010 kwa masharti ya ubora na ufungashaji. Upande wa Kongo, kwa sheria ya taifa, ushuru wa pombe hukusanywa na DGDA, mamlaka ya forodha na ushuru, na ubora wa bidhaa husimamiwa na OCC, ofisi ya serikali ya udhibiti, na anayetaka kuuza hata chupa moja anapaswa kuanzia kwenye ofisi hizo kabla ya kununua gunia. Upande wa Rwanda kanyanga imo katika orodha ya dawa za kulevya. Anayevuka nayo mpaka kutoka Goma kwenda Gisenyi, hata kama ni ya mahindi safi kuliko yote, anaweza kushtakiwa kama mbeba dawa za kulevya.